Baba mdogo, injini bado haitembei

Baba mdogo,

Salamu nyingi kutoka Katuba. Juzi kwenye simu uliniuliza injini yangu ndogo ya treni, ile ya mfano, itatembea lini, nikakujibu, "Karibu." Sikukuambia kweli. Siku ile ilikuwa mezani vipande vipande, nimeifumua kwa pasi ileile ya kulehemu niliyoiungia. Nimeona nikuandikie hapa mbele ya watu, maana kuna vijana hapa Lubumbashi wanaotaka kuanza kazi hii, na wameona picha za kibanda cha dereva tu. Waone na hii.

Wewe hukuona ilivyofika. Ndugu yetu aliitoa Uingereza ndani ya bahasha bapa, kama barua nene. Hakuna injini humo. Kuna mabamba ya letoni, unene chini ya nusu milimita, yaliyoliwa na tindikali kufuata mchoro mpaka kila kipande kikabaki kimening'inia kwa vishikizo vidogo, kama majani kwenye tawi. Mota, gia na magurudumu vilinunuliwa kando. Ukimaliza unapata injini ndogo ya magurudumu sita, ya kupanga mabehewa stesheni, kwa kipimo cha 1 kwa 76.2.

Nililishika bamba la kwanza nikakaa nalo muda. Letoni ni shaba na zinki. Mukuba, yaani shaba, tunautoa hapa, zinki inachimbwa Kipushi, kilomita 30 tu kutoka mezani kwangu, na mimi nimefika umri huu sijawahi kuunga letoni na letoni hata mara moja.

Mwezi wa kwanza wote ulikwenda kwenye moto. Nilianza na pasi ya kulehemu ya fundi wa simu, wati 30. Kwenye waya inatosha. Kwenye letoni hapana: bamba linanywa joto lote na kulisambaza, lehemu inabaki juu kama tone la mafuta juu ya maji, ukigusa linabanduka. Na jioni umeme wetu unavyoshuka, taa ikiwa nyekundu kama mshumaa, pasi inakuwa ya kupasha mikono. Nikatafuta ya wati 75 yenye ncha pana, nikahamia asubuhi na mapema. Lehemu ninayotumia inayeyuka karibu na nyuzi 188. Siku ilipokubali mara ya kwanza niliiona ikikimbia yenyewe ndani ya mshono, inang'aa, kutoka kona hadi kona, nikaacha kupumua.

Lakini inakubali pasafi tu. Bibi alivyokuwa anasugua sufuria za shaba kwa ndimu na majivu, ndivyo ninavyoanza kila asubuhi, halafu nasuuza na kukausha. Kisha maji ya tindikali ya kulehemu, tone moja kwa ncha ya kijiti. Kazi ikiisha, brashi na maji mengi, kwani ikilala na tindikali inaamka na kutu ya kijani.

Kibanda, matangi na boila viliniendea vizuri, sina mengi ya kusema. Pa kukunja pamechorwa mfereji mwembamba, unakunja mfereji ukiwa ndani, unajaza lehemu, basi. Ribiti, zile nundu kama vichwa vya misumari, unazisukuma kutoka nyuma kwa sindano butu, moja moja. Watu wanasifu ribiti. Ribiti haziendeshi injini.

Shasi, fremu ya chini inayobeba magurudumu, ndiyo iliyonishinda. Mabamba yake mawili ya ubavuni yanashikwa na vipande vya katikati, na seti imekupa upana wa aina tatu, uchague: wa reli ya milimita 16.5, wa 18.2 na wa 18.83. Reli ya kule ni milimita 1435, ukigawa inatoka 18.83 kamili, lakini Waingereza wengi wamezoea 16.5 tangu zamani, na ndizo reli nilizopata mimi. Nilipiga hesabu ya yetu pia. Njia yetu ya 1067, ile iliyofika mji huu mwaka 1910 ikitokea Sakania, kwa kipimo hicho ingekuwa milimita 14 tu. Siku moja nitaijenga hiyo.

Nikaunga shasi usiku, kwa macho, umeme ukiwa umerudi saa nne na mimi nikiogopa utakatika tena. Sikuipima. Nikavalisha magurudumu, nikafunga biele, vile vipande virefu vinavyounga gurudumu na gurudumu, nikatia mota palepale kwa sababu nilitaka kuiona ikienda kabla sijalala. Ilienda. Ilienda ikichechemea, kila mzunguko inakwama pahali palepale, inajikaza, inaruka. Nikasema mota ni dhaifu. Kesho yake nikafanya kosa kubwa kuliko la kwanza: nikapanua mashimo ya biele kwa tupa ya mviringo ili zilegee. Ikaacha kukwama, ikaanza kutikisika kama kiti kibovu.

Ndipo nilipokukumbuka wewe, baba mdogo. Nilikuwa mtoto, naleta gamela yako ya bukari mpaka mlango wa atelye ya reli, nawe unapita kando ya behewa unagonga kila gurudumu kwa nyundo. Uliniambia gurudumu zima linalia, lenye ufa linakohoa. Ulikuwa unasikiliza kwanza, kabla mtu hajaruhusiwa kulivuta lile behewa. Mimi nilitia mota kabla ya kusikiliza.

Nikaitoa mota. Nikaweka shasi juu ya kioo: magurudumu matano yalikaa, la sita lilining'inia hewani. Mabamba yamepinda kama mlango uliolowa. Na ekseli ya nyuma, mkono wake wa kulia, pale biele inaposhika gurudumu, haukuwa robo mzunguko mbele ya wa kushoto kama kwenye ekseli nyingine mbili, ulikuwa umebaki nyuma kidogo. Biele moja inavuta, nyingine inakataa. Jamaa wa injini za mvuke waliweka ile robo ili upande mmoja ukinyooka kabisa bila nguvu, wa pili uwe unasukuma. Kwenye injini yangu umeme ndio unasukuma, lakini ekseli zote tatu lazima zikubaliane pembe moja, la sivyo ni kama watu watatu wanaobeba jeneza kila mmoja na hatua yake.

Nikapasha moto, nikafumua yote. Iliniuma. Safari hii nimeshika kila kona kwa tone moja tu, juu ya kioo, nikapima, nikapasha tena tone moja la kona ya nyuma, ikakaa. Ndipo nikajaza mshono. Sasa magurudumu yote sita yanagusa. Ukiinua kioo upande mmoja, bila biele, inashuka yenyewe taratibu mpaka mwisho bila kelele.

Biele mpya nimezikata kutoka kwenye letoni iliyobaki pembeni mwa bamba, mbili pamoja, zimelehemiwa kama mkate uliokunjwa ili mashimo yatoke sawasawa. Nimezipiga tupa. Umbali wa ekseli hadi ekseli ndio utakaoamua yote, na rula yangu ya shule haiwezi kazi hiyo.

Likasi si mbali, panda gari la Jumamosi asubuhi. Mama amesema atapika sombe. Njoo na kalipa yako ya kupimia ya atelye, ile ya kwenye kitambaa cha kijani. Mashimo sijayatoboa.