Wale wazee wawili wa Rosa's

Kaka, mambo vipi,

Salamu toka Chicago, huku wazima, baridi tu ndo inatunyoosha. Nilitaka nikutumie voisi nikaona nitaongea mpaka bando liishe, bora niandike. Jana usiku nimeenda Rosa's Lounge pale Armitage kusikiliza bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi, na mpaka saa hizi sijatulia.

Klabu yenyewe ndogo tu, ilifunguliwa 1984 na mpiga dramu toka Italia, jamaa aliifuata bluzi mpaka huku akaamua kabisa kufungua klabu, akaipa jina la mama yake. Stejini wazee wawili, mmoja gitaa mmoja harmonika, kile kinanda cha mdomo, nyuma yao besi na dramu basi. Mzee wa gitaa anapiga amekaa, kidole cha mwisho kavaa shingo ya chupa iliyokatwa, anaitelezesha juu ya nyuzi, gitaa linalia kaka, linalia sauti ya mtu. Mwenzake ana kisanduku cha harmonika zimepangwa, kila moja na kii yake, yani ufunguo wake wa sauti, akichukua moja anaigongesha kwanza pajani mate yatoke, alafu anaifumbata pamoja na maiki ndani ya viganja, hapo sauti inapita kwenye amplifaya inatoka nzito, ina mkwaruzo, huwezi amini ni kale kadude ka matundu kumi.

Hiyo ndo staili aliyoivumisha mpiga harmonika Little Walter miaka ya 50 hapahapa Chicago. Watu weusi walikuwa wanahama toka kusini mwa Marekani kwa maelfu, Muddy Waters mwenyewe, yule mkali wa gitaa na kuimba, kaingia 1943 toka Mississippi, sasa gitaa kavu kwenye baa iliyojaa watu nani atalisikia, ndo wakaingia kwenye umeme. Jumapili walikuwa wanapiga soko la mtaa wa Maxwell, wanavuta waya toka madukani na majumbani jirani, barabarani kabisa.

Sasa kilichonimaliza. Kuna wimbo wa taratibu, mzee wa gitaa anaimba mstari, harmonika inamjibu, anaimba, inamjibu, yani wazee wa bao kila mmoja anasubiri mwenzake amalize kusambaza kete. Alafu ubeti mzima yule wa harmonika akanyamaza. Kashusha mikono, anaangalia tu vidole vya mwenzake. Gitaa lilipokata ndo akavuta noti moja, moja tu, akaipinda taratibu ikashuka mpaka chini, ukumbi mzima tukapiga kelele, mama mmoja pembeni yangu kasimama kabisa mikono juu.

Mapumziko nikamfuata mzee wa harmonika, shikamoo huku hakuna ila nilimpa mikono miwili. Akanieleza, wimbo ukiwa kwenye kii ya E yeye anashika harmonika ya A, maana hapo noti zenye uchungu zinapatikana kwa kuvuta pumzi ndani sio kupuliza, na ile ya kuvuta ndo inakubali kupindwa. Nikakukumbuka wewe palepale.

Maana nakwambia ukweli kama ndugu, bendi yenu naipenda sana lakini mkifika kwenye chemko, ile sehemu ya kasi, gitaa lako la solo na zile tarumbeta mnakimbizana hakuna anayemwachia mwenzake, kila upenyo umejazwa. Mnaweza bana, vidole unavyo. Mwachie tarumbeta ubeti mzima we kaa kimya umsikilize, alafu ingia na noti mbili uone watu watakavyofanya.

Kuna mtu anakuja Dar mwezi wa kumi na mbili, nampa harmonika mbili akuletee, ya A kwa nyimbo za E, ya C kwa nyimbo za G. Mpe yule dogo wenu wa tarumbeta, pumzi anayo. Mkishazoea nirekodieni mnitumie, hata kwa simu tu sawa.

Msalimie sana shemeji, na mama mpe shikamoo yangu.

Ndugu yako wa Chicago