Jina la ukoo peke yake halimtoi babu wa Mmarekani

Ndugu Mhariri,

Vijana wa Moshi na Arusha wanapokea kazi mtandaoni za kuwatafutia Wamarekani nasaba zao, hasa familia za walowezi waliohamia magharibi karne ya 19. Makala yenu kuhusu ajira hiyo inamfanya msomaji aamini kuwa unaandika jina la ukoo kwenye tovuti, unanakili mti wa familia unaotokea, unalipwa. Kwa mtindo huo mteja anauziwa mababu wa watu wengine. Miti hiyo imejazwa na yeyote mwenye akaunti, na kosa la mmoja hunakiliwa na mia. Humo utakuta hata mama aliyejifungua akiwa na miaka tisa.

Anza na mtu anayejulikana, rudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Sensa ya Marekani hufungwa kwa miaka 72, hivyo ya karibuni inayosomeka ni ya 1950. Ya 1900 inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na kwa kila mama, idadi ya watoto aliozaa na walio hai. Ya 1880 ndiyo ya kwanza kueleza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya. Kuanzia 1850 hadi 1870 mtoto aliyeorodheshwa chini ya wenye nyumba anaweza kuwa mpwa au yatima, msikimbilie kumwita mwana. Kabla ya 1850 anatajwa mkuu wa kaya tu. Wengine wote ni tarakimu.

Wengi hukwama 1890. Karibu sensa yote ya mwaka huo ilipotea kufuatia moto uliotokea Washington mwaka 1921. Aliyezaliwa 1881 na kuondoka kwao kabla ya 1900 haonekani popote na wazazi wake katika sensa ya taifa. Hapo tafuteni sensa za majimbo. Ya Kansas ya 1885, kwa mfano, inauliza mtu alitokea jimbo gani kabla ya kufika Kansas, swali lenye thamani kuliko yote kwa familia iliyokuwa ikihamahama.

Lakini hazina yenyewe ni ardhi, jambo ambalo makala haikuligusa kabisa. Mchaga anayetaka kujua ukoo hufuata kihamba, yaani shamba la ukoo, na kwa mlowezi ni hivyo hivyo. Sheria ya Homestead ya 1862 ilimpa mtu hadi ekari 160, robo ya eneo la maili moja ya mraba, kwa sharti akae na kulima miaka mitano, kisha alete mashahidi wawili. Jalada la maombi yake katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani lina ukubwa wa nyumba, ekari zilizolimwa, hesabu ya familia na, kwa mhamiaji, nakala za karatasi za uraia. Wasomeni mashahidi kwa makini: mara nyingi ni shemeji au majirani waliohama pamoja kutoka kaunti moja.

Oregon ni tamu zaidi. Sheria ya 1850 ya kugawa ardhi ya huko iliwapa mke na mume hadi ekari 640, nusu kwa jina la mke, kwa hiyo majalada yake hutaja tarehe na mahali pa ndoa.

Tahadhari mbili. Orodha ya hati za kumiliki ardhi kwenye tovuti ya idara ya ardhi ya serikali kuu ina waliofanikiwa tu; aliyeshindwa kabla ya miaka mitano ana jalada lakini hana hati, hivyo hamtamwona humo. Na Texas, Kentucky na Tennessee hazikuwa ardhi ya serikali kuu. Kumbukumbu zake ziko kwenye majimbo na kaunti.

Kaunti nazo ziligawanywa mara kwa mara. Kumbukumbu ya ndoa ya 1855 inaweza kuwa mahakamani katika kaunti mama, ile iliyogawanywa, ingawa shamba halikuhama hata hatua moja.

Tovuti ya nasaba ya FamilySearch, yenye picha za karatasi nyingi za aina hii, ni ya bure. Someni picha ya karatasi yenyewe, si faharasa (orodha ya majina yaliyonakiliwa) pekee, maana mwandishi wa sensa aliandika jina alivyolisikia na mnakili akalikosea tena. Katika ripoti kwa mteja, kila jina liambatane na karatasi iliyolitoa. Lisilo na karatasi liandikwe wazi "halijathibitishwa", hata kama mteja atanuna.

Watafiti wa nasaba,
Moshi