Shukrani kwa mzee wa skwea, Kiborloni

Mzee uliyesimamisha baiskeli pale Kiborloni Jumamosi, ukawakuta mafundi wetu wamekwama kwenye pembe ya paa: shikamoo, na asante sana. Jina hukutuachia, hata chai uliinywa umesimama.

Vijana walikuwa wanapandisha kila mbao juu, wanakadiria, wanaishusha. Wewe ukalaza skwea, ile rula ya chuma yenye umbo la L, juu ya mbao, inchi 12 upande mmoja na 6 upande wa pili kufuata mwinamo wa paa, ukaisogeza hatua kwa hatua huku ukipiga alama za penseli. Urefu na mkato wa juu vikapatikana bila mtu kugusa ngazi. Halafu lile pengo la kukalia ukutani: ukakataza lisizidi theluthi ya kina cha mbao, maana likizidi mbao hupasukia hapohapo. Yote kwa msumeno wa mkono, tena wa kuazima!

Mbao ya kwanza ilipokaa sawasawa, ukaamuru zote zichorwe kwa hiyohiyo, siyo kila moja kwa mwenzake, kwa sababu kosa dogo hukua njiani. Hilo fundi mkuu ameliandika kwenye daftari lake.

Bati zimeshapigwa kabla ya masika. Ukipita tena piga hodi, mzee wetu. Mama anasema mtori haukosi.