Jumamosi tunapanda miti

Ndugu zangu, poleni na baridi. Jumamosi tukutane nje ya ofisi hapa Clarkston, jimbo la Georgia, Marekani, saa 3 asubuhi, yaani ile 9 ya kwenye simu, tusichanganyane tena.

Mnaouliza kwa nini tunapanda Januari: miti imelala, haina majani ya kulisha, na mvua za Georgia zinaipa mizizi nafasi ya kushika kabla ya joto la Julai. Shimo liwe pana, kina chake kisizidi donge la mizizi. Matandazo, yaani yale ya kufunika udongo kuzunguka mti, yasiguse shina! Mwaka jana tuliyarundika kama kichuguu, mimi nikiwemo, ikabidi tufukue.

Wa mafunzo ya kazi, njooni na buti na glovu. Baada ya chai tunajifunza kupogoa, yaani kupunguza matawi. Mama wa sambusa, tunakutegemea.