Wafanyakazi wasiitwe kuvaa fulana tu

Mhariri,

Kampuni nyingi kubwa nchini siku hizi hutangaza mipango ya kuhifadhi mazingira na kusaidia jamii, na picha zinazochapishwa hazitofautiani sana: mkurugenzi ameshika hundi kubwa ya kadibodi, na nyuma yake wamepangwa wafanyakazi waliogawiwa fulana asubuhi hiyohiyo. Sina ugomvi na hundi. Ninaowatetea ni hao waliopangwa nyuma, ambao aghalabu huusikia mradi siku ya kupigwa picha.

Katika kiwanda kimoja nilichowahi kufanyia kazi hapa Pwani, tuliagizwa Jumamosi moja ya Januari twende kupanda miche. Siku hiyo iliitwa ya kujitolea, ingawa majina yaliitwa langoni na asiyefika alitakiwa kujieleza. Mtunza bustani wetu, ambaye angewashauri wangoje mvua za masika, hakuulizwa, na kufikia Machi miche karibu yote ilikuwa imekauka. Wakati huohuo mafundi walikijua kila kiungo cha bomba kilichovuja mvuke usiku kucha, na wafagiaji, wengi wao vibarua ambao hata fulana hawakupewa, waliujua mtaro uliomwagwa oili chafu.

Mfano wa kuigwa tunao papa hapa Mombasa. Machimbo ya matumbawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi yaligeuka msitu, ambao sehemu yake leo ni Haller Park, baada ya Rene Haller, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni hiyo, kuanza mnamo 1971 kujaribu miti mahali ambapo udongo ulikuwa umekwisha kabisa. Kati ya aina 26 alizopanda, mvinje ulikuwa miongoni mwa chache mno zilizostahimili, na baadaye yakaletwa majongoo ya kula majani yake makavu na kuyageuza mboji. Mradi wa namna hiyo hauwezi kubuniwa na wakala wa matangazo aliyekodiwa kwa wiki mbili. Ulimhitaji mtu aliyeyapitia machimbo hayo mwaka baada ya mwaka.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi aunde kamati ya usalama na afya, ambamo wafanyakazi huwa na wawakilishi wao. Napendekeza kampuni ziipe kamati hiyo nafasi ya kujadili pia taka, maji, umeme na miradi ya jamii, tena kabla bajeti haijapitishwa na bodi. Shughuli za Jumamosi zilipwe kama saa za ziada au ziwe za hiari kwelikweli. Vibarua nao wawe na mwakilishi humo, kwa kuwa wengi wao ndio wanaoishi katika mitaa inayopakana na viwanda, na hiyo jamii inayopelekewa hundi ni wao na watoto wao.

Mfanyakazi wa kiwandani,
Changamwe, Mombasa