Anayempima mtoto asiwe yule anayetaka kumwondoa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu watoto wenye usonji, yaani autism, na namna wanavyopimwa kabla ya kupangiwa darasa, au kunyimwa. Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Kibirizi, Kigoma. Si mwalimu wala daktari. Ni baba wa kijana wa miaka tisa ambaye hospitalini walishathibitisha kuwa ana usonji.

Na hospitali sina ugomvi. Walianza na masikio, maana mtoto akiitwa asigeuke, mtaa mzima unakwambia ni kiziwi. Masikio yakaonekana mazima. Nami nilijua, kwa sababu honi ya treni ikilia kule stesheni yeye ndiye wa kwanza kusimama. Kisha daktari akakaa na mama yake muda mrefu akimhoji: alitambaa lini, alikuwa ananyoosha kidole kuonyesha kitu, anacheza vipi na wenzake. Usonji hauna kipimo cha damu wala picha ya eksirei. Unajulikana kwa kumtazama mtoto na kuwasikiliza wanaoishi naye.

Tatizo ni shuleni. Karatasi ya daktari inasema mtoto ana nini. Haisemi anajifunza vipi, akae upande gani wa darasa, aelekezwe kwa mdomo au kwa picha, kitu gani kinamvuruga na kitu gani kinamtuliza. Hiyo ni kazi ya upimaji wa kielimu, na huo kwa mwanangu ulifanywa na shule yenyewe, shule ambayo tayari ilikuwa imeniambia kwa mdomo nimtafutie "sehemu inayomfaa".

Nilikuwepo. Walimweka ofisini saa ya mapumziko, dirisha liko wazi, uwanjani watoto wanapiga kelele. Mwalimu akamwekea picha mezani na kumwuliza kwa Kiswahili: hiki ni nini? Nyumbani mtoto analelewa na bibi yake, na lugha anayoisikia kutwa ni Kiha. Picha yenyewe ilikuwa ya taa za kuongozea magari. Akaichukua karatasi, akaigeuza, akaanza kufuatisha ukingo wake kwa kidole. Ikaandikwa "hajui". Kelele zilipozidi akaziba masikio kwa viganja. Ikaandikwa "mkaidi". Chai ya mwalimu haijapoa, majibu yakawa tayari: hafundishiki, akae nyumbani mpaka ipatikane shule maalumu. Nikaomba nakala, nikaambiwa hiyo ni karatasi ya ofisi.

Mtoto huyohuyo nikimmwagia boksi la nati kwenye turubai, anazipanga kwa ukubwa, 10, 12, 13, na spana anayonipa ndiyo yenyewe. Injini inaunguruma pembeni wala hajali. Kinachomvuruga ni sauti za watu wengi kwa pamoja. Sisemi ana kipaji cha ajabu. Watu wanapenda hadithi za mtoto mwenye usonji aliye kama kompyuta; wengi hawako hivyo, na wangu mpaka leo hawezi kufunga vifungo vya shati. Ninachosema ni kwamba akionyeshwa, anashika. Hilo hakuna aliyeniuliza, wala bibi yake hakuulizwa.

Mhariri, mtu akija kwangu kununua injini iliyotumika, hamwachii muuzaji aikague peke yake. Anakuja na fundi wake. Kwa nini basi mtoto akaguliwe na yule mwenye sababu ya kumkataa? Sisemi walimu ni wabaya. Darasa lenye watoto wengi kiasi kile, na mwalimu mmoja ambaye hakusomea elimu maalumu, hata mimi ningetamani mmoja apungue. Ndiyo maana mwamuzi asiwe yeye.

Wenzetu waliliona hili zamani. Nina binamu anaishi Marekani na mwanaye ana usonji, ndiye aliyenieleza. Kule iko sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu iliyoanzia mwaka 1975, na mwaka 1990 usonji ukatajwa ndani yake waziwazi. Mzazi asiporidhika na upimaji wa shule, ana haki ya kuomba upimaji wa pili, wa mtaalamu ambaye si mwajiriwa wa mamlaka inayosimamia shule ya mtoto, kwa gharama ya umma. Mamlaka hiyo ina njia mbili tu: ilipe, au iende kwenye usikilizaji wa shauri ithibitishe kuwa upimaji wake ulikuwa sahihi. Wanaweza kumwuliza mzazi sababu, lakini halazimiki kuitoa. Majibu ya mtaalamu huyo lazima yazingatiwe, ingawa shule hailazimiki kuyafuata yote. Binamu anasema hata huko kuna kuzungushwa na barua nyingi. Lakini ana pa kusimamia.

Sisi tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kabla yake, mwaka 2009, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu hao. Elimu jumuishi tunaisikia kwenye kila hotuba ya tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani. Lakini sijakutana na mzazi hapa Kigoma aliyeambiwa kuwa akikataa majibu ya shule anaweza kudai mpimaji mwingine. Anachoambiwa ni "mpeleke Dar", reli ya zaidi ya kilometa 1,200, nauli, pa kulala, na mtoto asiyevumilia umati wa watu behewani.

Si lazima iwe Dar. Walimu waliosomea elimu maalumu katika chuo cha ualimu cha Patandi, Arusha, wapo katika halmashauri za mkoa huu. Wa Kasulu aje apime wa Kigoma Ujiji, wa kwetu aende Uvinza. Amtazame mtoto darasani, uwanjani na nyumbani, kwa zaidi ya siku moja, akiwa na mtu anayejua Kiha. Halmashauri igharamie usafiri wake. Na mzazi apewe nakala ya majibu yenye sahihi na jina la aliyepima.

Ninamwomba diwani wetu alipeleke hili kwenye kikao kijacho cha baraza, na Afisa Elimu Maalumu atujibu hapahapa gazetini: mzazi asiyekubaliana na upimaji wa shule aandike barua kwa nani, na ajibiwe ndani ya siku ngapi?

Fundi wa boti,
Kibirizi, Kigoma