Na anayekagua begi je?

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi niseme kidogo kuhusu haya mambo ya huku Marekani, maana kila serikali ikifungwa inaibuka hoja ya kutunga sheria ili askari wa mipakani walipwe hata kama bajeti haijapita. Mimi naunga mkono. Tatizo langu ni pale wabunge wanapochagua nani alipwe na nani asubiri.

Kwa asiyejua, Bunge likishindwa kukubaliana bajeti kuna sheria ya tangu 1884 inayozuia idara kutumia hela ambayo haijaidhinishwa, basi wengine wanaambiwa kaeni nyumbani na wengine, hao wanaoitwa wa lazima, wanaambiwa njooni kazini kama kawaida mshahara mtaupata tukishapatana, hiyo ndo serikali kufungwa. Ile ya Desemba 2018 hadi Januari 2019 ilienda siku 35, na chanzo ni dola bilioni 5.7 alizotaka Trump za ukuta wa mpaka wa Mexico, yaani wanagombania mpaka halafu anayelinda huo mpaka ndo anakaa bila mshahara, jamani! Hata askari wa ulinzi wa pwani, ambao ni wanajeshi kabisa, wakakosa.

Sasa njoo 2025, kuanzia Oktoba 1 mpaka Novemba 12, siku 43. Safari hii maofisa wa mpakani na wale wa kufukuza wahamiaji walilipwa, hela ikatoka kwenye lile fungu kubwa lililopitishwa na Bunge Julai. Lakini wale wa TSA, wanaokagua abiria na mabegi viwanja vya ndege, hawakulipwa. Hawa wote wako wizara moja, ya usalama wa ndani! Unashuka na ndege, anayeangalia pasi yako kalipwa, unaenda kuunganisha ndege nyingine unakuta anayekuvulisha mkanda anafanya kazi kwa ahadi. Kwani begi lenye bomu sio usalama?

Najua mtaniambia kuna sheria ya 2019 inayosema lazima walipwe malimbikizo serikali ikifunguliwa. Sawa, ila mwenye nyumba anataka kodi tarehe moja, benki inataka hela ya gari, mtoto anataka diapers leo, hakuna hata mmoja hapo anayepokea malimbikizo. Na wafagiaji na walinzi walioajiriwa na makampuni yenye tenda za serikali hiyo sheria haiwagusi, kwao siku zilizopita zimepita, na huko ndo ndugu zetu wengi wapo.

Isitoshe kuwalipa kwa wakati inawezekana, 2013 walipitisha sheria ya kulipa wanajeshi saa chache tu kabla serikali haijafungwa. Lakini Oktoba 2025 Seneti ilipigia kura mswada wa kulipa wote wanaoendelea na kazi, ukapata 54 kwa 45 wakati zinahitajika 60, ukaanguka. Waliopinga walisema unampa rais nafasi ya kuchagua wa kulipwa, na hapo wana hoja, ila ingerekebishwa kwa kuandika waziwazi kwamba aliyeingia zamu analipwa siku ya mshahara, awe wa mpakani, wa uwanja wa ndege au mwenye fagio, rais apende asipende.

Wabunge wenyewe mshahara wao umetajwa kwenye katiba na una fungu lake la kudumu, hautegemei bajeti ipite au isipite. Labda ndo maana hawana haraka.

Msomaji wenu, Maryland